Karatasi Nane

Simu ilinikuta Morotonga, hapa Mugumu, nikichambua maharage kwenye ungo, Jumamosi ambayo nilikuwa nimeipangia kazi hiyo na usingizi, basi. Alikuwa Ghati, binti wa shangazi yangu, ambaye hapigi simu ila kuna msiba. Akasema Marwa amefariki Kenya, mwili umeshavuka Sirari na uko mochwari Tarime, na wazee wamekataa usiingie kijijini. Nikamuuliza Marwa yupi, maana kwetu ukiita Marwa sokoni wanageuka watu kumi. Ghati akasema, "Marwa intruda." Nikamwambia nimesikia, nikaweka simu chini, nikaendelea kuchambua maharage. Nilichambua mpaka yakaisha, ndipo nikagundua kwamba mabovu nilikuwa nayarudisha pamoja na mazima, ikabidi nianze upya.

Nina umri sasa wa kuamkiwa shikamoo na watu wenye ndevu, na nimefundisha shule ya msingi kwa muda mrefu kiasi kwamba hata mume wangu akinikera namwambia akae vizuri. Darasani kwangu sheria ni chache. Watoto wakiitana vichwa maji sijali sana, hayo hupita. Lakini mwaka jana mtoto mmoja alimwita mwenzake intruda, kwa sababu tu mwenzake alikuja na shati lililochanika begani, nikamfokea mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Mtoto yule hakuelewa kosa lake, na hakuwa na namna ya kuelewa. Neno hilo limefika huku kwetu likiwa limechoka, ni tusi kama matusi mengine. Mimi nililikuta likiwa jipya. Nililiona likikua, na siku moja lilinisaidia kufanya jambo ambalo bila hilo nisingeliweza.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kusimulia watu, kwa hiyo nilipelekwa kwa shangazi aliyekuwa na hoteli ya chakula kwenye senta, chini ya mgodi. Nasema hoteli kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa ukutani kwa rangi ya bluu. Ilikuwa vyumba viwili vya tope na paa la bati. Chumba cha mbele kilikuwa na meza nne zilizopigiliwa plastiki yenye picha za zabibu, matunda ambayo hakuna aliyeyala pale, na dirisha lililotazama ukuta wa mgodi na kile kilima cha kifusi ambacho malori yalikiongeza kila siku. Chumba cha nyuma kilikuwa jiko: mafiga, masufuria meusi, rundo la kuni, na moshi uliokaa mle kama mpangaji. Asubuhi tulipika chai na maandazi. Mchana ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, maharage, dagaa. Siku za mnada shangazi alipika kichuri, ule mchuzi wa matumbo ya mbuzi wenye uchungu wa nyongo, na siku hiyo hata watu waliokuwa hawasemeshani walikaa meza moja. Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Madereva, walinzi wa mgodi na sungusungu walikaa mbele. Vijana wa kifusi, wale waliopanda ukuta kuokota mawe yenye dhahabu na kutoka wakikimbia, walikula jikoni, juu ya kuni, kwa sababu ya vumbi lao. Sufuria lilikuwa moja, na mimi ndiye niliyepakua kwa upande wote.

Neno lilikuja kiunoni mwa walinzi. Walikuwa na redio za upepo ambazo hazikunyamaza hata wakiwa wanakula, na kila baada ya muda zilitoa sauti ya Kiingereza iliyokwaruza, na ndani yake lilikuwamo neno hilohilo, intruda, intruda, upande wa kaskazini, intruda watano. Shangazi, ambaye hakupenda kitu kisemwe ndani ya nyumba yake bila yeye kukielewa, akauliza ni nini hicho. Mlinzi mmoja akamwambia ni mtu anayeingia mahali ambapo hakuitwa. Shangazi akasema basi wateja wake wote ni maintruda, na walinzi ndio wa kwanza, maana hakukumbuka kuwaita. Walicheka. Mle jikoni vijana walisikia nao wakacheka. Baba zao walikuwa wamechimba kwenye kilima kilekile kwa sururu na ndoo kabla ukuta haujajengwa, na siku za mwanzo waliliona neno hilo kuwa mzaha wa wageni wasiojua mambo.

Mpaka mtama unavunwa hakuna aliyekuwa akicheka. Kwanza intruda alikuwa mtu aliyeruka ukuta. Kisha akawa mtu yeyote anayesaga na kuosha mawe, hata kama aliyanunua kwa mwingine. Kisha akawa kijana yeyote asiye na ng'ombe wala kazi, anayekaa kwenye kivuli cha duka na miguu yenye vumbi. Mwalimu mkuu alilitumia kwa wachelewaji. Baba mmoja alirudisha washenga akisema hatoi binti kwa intruda, na kijana aliyekuwa anaposa alikuwa fundi wa baiskeli. Kuku akipotea ni maintruda, mlango ukivunjwa ni maintruda, na mimba ikiingia kwenye nyumba yenye heshima, kila mtu alijua pa kuelekeza kidole. Nilisikia mama akimwita hivyo mwanawe wa kumzaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwagiza maji. Kwetu sisi wasichana kulikuwa na toleo letu: mke wa intruda. Ulikuwa huhitaji kuolewa. Ilitosha uonekane unacheka na mmoja wao.

Marwa alikuwa anakula jikoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu jino lake la mbele lilivunjika siku alipoanguka kutoka ukutani. Alikuwa mtoto pekee wa mjane aliyetuletea kuni kila asubuhi, Mama Marwa, mama mfupi mwenye shingo ngumu aliyenijibu marahaba kabla sijamaliza kusema shikamoo, kama mtu mwenye haraka na salamu. Marwa alikuwa na mazoea ya kusoma magazeti tuliyofungia maandazi. Alisoma kipande chochote, habari iliyokatika katikati, kisha akanisimulia mwisho wake alioutunga yeye mwenyewe. Nilimpenda. Nikiandika hivyo sasa naona aibu kidogo, lakini ndiyo kweli, na isipoandikwa hayo mengine hayatakuwa na uzito wake. Nilimpenda kwa siri, na siri hiyo sikuitunza kwa ajili ya haya ya kisichana. Niliitunza kwa sababu ya lile neno.

Mtu mwingine wa kumjua ni mzee Athumani, fundi cherehani, Mwislamu aliyekuja kutoka pwani akiwa kijana na kuzeekea kwetu. Duka lake lilitazamana na hoteli. Alishona mifuko ya turubai waliyobebea mawe, na alikuwa mtu mzima pekee pale senta aliyeendelea kuwaita kwa majina yao, hata walinzi wakiwepo. Aliongea Kiswahili cha kwao, laini, ambacho sisi tulikiiga tukicheka tukiwa peke yetu. Siku moja ya mnada, mchana kweupe, askari walipiga mabomu ya machozi kwenye kifusi na watu wote wakakimbilia kule kutazama. Shangazi alikuwa amekwenda Tarime kununua mafuta. Marwa aliingia jikoni akipapasa ukuta, macho yamevimba, nami nikafunga mlango wa nyuma, nikamlaza juu ya magunia, nikammwagia maziwa machoni kikombe baada ya kikombe. Alilala pale mpaka jua likaanza kushuka, na mimi nilikaa karibu naye muda wote huo nikimpungia kwa mfuniko wa sufuria. Wakati huohuo, ng'ambo ya barabara, kuna watu waliingia kwa mzee Athumani wakampiga kwa chuma cha cherehani yake mwenyewe na kuchukua walichokuta. Hatukusikia kitu kwa sababu ya kelele za kifusi. Mzee aliishi siku tatu bila kusema. Waislamu wenzake walikuja na gari kutoka Tarime wakamchukua wakamzike, na mmoja wao, kabla ya kuondoka, alirudi akafagia sakafu ya duka.

Wanawake walijua siku ileile. Walikuwa mtoni wakichota maji, wakamwona Mwita, mtoto wa kamanda wa sungusungu, akifua shati. Kijana huyo hakuwahi kufua hata leso maishani mwake, alikuwa na dada wanne. Walimwona akifua, wakaona rangi ya maji, wakabeba ndoo zao wakaondoka. Habari hiyo ilifika jikoni kwetu kabla ya chakula cha jioni, ikisemwa kwa Kikurya na kwa sauti ya chini, na haikuwahi kuvuka kwenda chumba cha mbele. Kamanda alikuwa mtu mkubwa. Sungusungu wote walimsikiliza, polisi walimpigia saluti ya utani, na kiwanja iliposimama hoteli ya shangazi kilikuwa chake.

Wiki iliyofuata ritongo, baraza letu la wazee wa ukoo, likatangaza kura. Kila mtu mzima ataandika kwenye karatasi jina la anayemjua kuwa mhalifu. Atakayepita majina ishirini atafukuzwa. Ilikuwa njia iliyosifiwa sana wakati huo, kwa sababu ilikuwa ya siri na haikumlazimu mtu kusimama mbele ya jirani yake. Wasiojua kuandika, ambao wengi wao walikuwa akina mama, wangeandikiwa. Wakatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri na asiye mwalimu, maana walimu walikuwa wageni. Wakanichagua mimi. Nilijisikia mtu, sitadanganya.

Asubuhi ya kura kamanda alikuja kunywa chai. Alikula maini na ugali, polepole, akaomba pilipili, akasifu pilipili. Kisha akaniita nikae, jambo ambalo mteja wa mbele hakuwahi kulifanya. Akaniambia mimi leo ni mkono wa mama zetu na mkono huo usikosee. Akasema senta imechafuka kwa sababu ya maintruda, na akiondoka mmoja wengine watashika adabu. Akasema shangazi yangu ni mpangaji mzuri. Aliposimama, akiwa anajifuta mikono, akaongeza kitu kimoja.

"Nasikia siku ile ya mabomu kulikuwa na intruda amefungiwa jikoni na msichana. Mimi sijaamini. Nimewaambia huyo ni mtoto wa watu wenye heshima."

Nikamjibu asante. Mpaka leo sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Kura ilifanyika kwenye darasa la tatu. Waliniweka dawati la dirishani, na mbele yangu karatasi zilizokatwa kutoka kwenye daftari, kalamu ya bluu, na ndoo ya plastiki nyekundu yenye mfuniko uliotobolewa. Kamanda alisimama nje ya mlango. Asingeweza kusoma nilichoandika kutoka pale. Aliona tu nani ameinama kwangu na kwa muda gani, na hilo lilitosha. Mama wa kwanza aliinama, pumzi yake ina harufu ya maziwa ya mgando, akasema sikioni mwangu, Mwita wa kamanda. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Nilimtazama kamanda, naye alikuwa anatazama uwanjani, akiongea na mtu. Nikaandika Marwa intruda. Nikakunja, nikatumbukiza. Wengine walikuja na majina mengine, wakatajwa wezi wa ng'ombe, akatajwa hata mume wa mtu, na hayo yote niliyaandika kama yalivyosemwa. Lakini kila aliyesema Mwita wa kamanda, niliandika Marwa. Walikuwa wanane. Siku hizi nikisahihisha madaftari kuna wakati kalamu nyekundu inasimama yenyewe na ninajiuliza swali lilelile. Kwa nini sikuacha karatasi tupu? Kwa nini sikuandika kitu kisichosomeka? Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini hofu ingetosheka na karatasi tupu. Jibu nililolipata, nalo limechukua miaka, ni kwamba jina la Marwa lilikuwa limeshaharibika kabla sijalishika. Kuliandika hakukunigharimu nguvu yoyote. Kulikuwa kama kumwaga maji machafu mahali ambapo kila mtu anamwaga.

Wa nane alikuwa Mama Marwa. Alikuja na harufu yake ya moshi na kamba ya kuni bado iko begani. Aliweka mkono juu ya mgongo wangu ili ainame vizuri.

"Wewe nakuamini, mwanangu," alisema. "Andika Mwita wa kamanda. Andika herufi kubwa, waone."

Niliandika kwa herufi kubwa. Akaangalia karatasi nikiikunja, akasema asante, akaenda kukaa chini ya dirisha pamoja na wenzake, akinyoosha miguu kama mtu aliyemaliza kazi.

Mwalimu mmoja alisoma majina huku mzee akichora mistari ubaoni. Mwita alipata manne, kutoka kwa watu waliojua kuandika na waliokuwa na roho ngumu kuliko yangu. Marwa alipata ishirini na tatu. Nilikuwa dhaifu wa hesabu shuleni, lakini hiyo niliifanya hapohapo, nikiwa nimekaa: ukitoa nane zinabaki kumi na tano. Angebaki. Wakamwita mbele. Alikuja akiwa anacheka, kiganja mdomoni, kama mtu aliyeitwa kwa bahati mbaya, na alipoona nyuso za watu akashusha mkono. Mzee wa ritongo hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza kwa upole.

"Mura, kijana wetu, siku ile fundi anapigwa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala," alisema Marwa.

"Wapi?"

"Mahali."

"Kuna mtu alikuona?"

Hapo akanitazama. Hakunitazama kwa kunitaka niseme. Nimekurudia kutazama kule mara nyingi na nina hakika nako. Alikuwa ananiuliza, tena kwa adabu, kama anaruhusiwa kusema. Mimi nikaitazama kalamu. Akasema, "Hapana, hakuna aliyeniona." Nje ya dirisha nilimsikia Mama Marwa akianza kusema kitu na wenzake wakimshika. Mzee akasubiri kidogo, akauliza kama kuna mwenye neno la kumsaidia kijana huyu. Walikuwapo pale mama saba waliojua kwamba hawakumtaja, kila mmoja akiamini kwamba wengine ndio waliomtaja. Hakuna aliyesema. Basi wakatamka hukumu kwa namna yetu: asipewe moto, asipewe maji, asisalimiwe, na akirudi, mzima au maiti, lango la ng'ombe lisifunguliwe. Wakampa mpaka kesho yake jua la utosi.

Nyumba ya mama yake iliezuliwa asubuhi. Waliotumwa kuiezua ni vijana wenzake wa kifusi, na walifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa, wakishindana, kila mmoja akitaka aonekane na sungusungu kwamba yeye si intruda. Mmoja wao alikuwa akilala godoro moja na Marwa. Saa tano hivi Marwa alipita barabarani na mfuko wa turubai, ule alioshonewa na mzee Athumani, ukiwa na nguo. Alisimama kwenye mlango wa mbele wa hoteli, mlango ambao hakuwahi kuupitia. Kulikuwa na walinzi wawili wanakula, na sungusungu mmoja amesimama na rungu kwenye kivuli cha duka. Nilikuwa na jagi mkononi, nilikuwa namimina maji kwa watu. Hakuniita jina. Alisema tu, "Nipe maji, jua kali." Shangazi akanitazama mimi. Walinzi wakaacha kutafuna. Mimi nikaliweka jagi mezani, nikalifunika kwa sahani, nikaenda jikoni. Nilipotoka alikuwa ameshafika kona ya barabara ya Sirari. Alivuka mpaka siku hiyohiyo, na tuliambiwa baadaye yuko Isebania anapakia mizigo, kisha tukaambiwa amekwenda mbali zaidi, kisha hatukuambiwa tena.

Kabla mwaka haujaisha Mwita alipata kazi ya ulinzi mgodini. Alikuja na redio kiunoni akakaa meza ya mbele, na nilimpelekea kichuri, na redio ikasema intruda upande wa kaskazini, naye akaitikia kwa Kiingereza alichofundishwa wiki ile. Nilimpakulia nyama nyingi. Mama Marwa aliendelea kuleta kuni, akilala kwenye banda aliloezekewa na kaka yake. Hilo ndilo lililonifukuza pale. Kila asubuhi aliweka mzigo chini, akakaa kwenye kigogo chake, na akiwapo mtu yeyote wa kumsikiliza alisema kwamba hajui dunia ilimwonea nini mwanawe, lakini yeye alifanya lake. Karatasi yake moja, alisema, haikuwa na jina la Marwa, na msichana huyu hapa ni shahidi. Nami nilikuwa natikisa kichwa kukubali, nikikoroga uji. Mwezi wa kwanza nilimwomba mjomba anitafutie chuo cha ualimu, popote, na nikaondoka bila kuaga watu wengi.

Nilifika msibani Jumapili mchana. Ghati alikuwa ameniambia wazee wamekubali jambo moja. Tamko la zamani linaweza kuondolewa, lakini wanaoliondoa ni walewale waliomtaja. Aje langoni hata mmoja wao, atemee mate udongo mara moja kwa kila karatasi yake, aseme nimelirudisha jina lako, ndipo lango lifunguliwe. Tangu asubuhi walikuwa wamekaa wakisubiri. Gari lenye jeneza lilikuwa limesimama barabarani nje ya boma, milango ya nyuma wazi kwa sababu ya joto, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejitokeza. Wengi wao wameshakufa, kamanda mwenyewe ameshakufa. Waliobaki walikaa kwenye viti vya plastiki wakitazama viatu vyao. Mwita alikuwapo, mnene sasa, mstaafu wa mgodi, amepewa kiti cha mbele. Kijana mmoja nyuma yangu alimuuliza mwenzake marehemu ni nani hasa, na mwenzake akasema, "Intruda mmoja wa zamani."

Mama Marwa alikuwa amekalishwa kwenye ngozi karibu na lango. Macho yake yameziba kabisa. Nilimsikia kabla sijamfikia, akimwambia mwanamke aliye kando yake kitu nilichokijua neno kwa neno, kwamba karatasi yake yeye ilikuwa safi. Nilisimama pale na mkoba wangu wa kiualimu. Nilijua kwamba nikinyamaza atazikwa barabarani au atarudishwa mochwari, na nikisema nitamnyang'anya mama huyu kitu pekee alichobaki nacho. Njia yote kutoka Mugumu nilikuwa nimejaribu kutafuta namna ya tatu. Haikuwepo.

Nikaenda mbele, nikawaamkia wazee, nikasema mimi nimemtaja. Mzee aliyeongoza akauliza karatasi ngapi. Nikasema nane. Watu wakaguna. Nikaeleza kwa maneno machache jinsi nilivyoandikia akina mama, kwamba walinipa jina jingine na mwenye jina hilo amekaa hapa kwenye kiti cha mbele, na kwamba siku ile fundi anapigwa Marwa alikuwa jikoni kwetu, nikimwosha macho. Mzee akainua fimbo. Akasema leo tumekutana kwa ajili ya Marwa tu. Mwita alikuwa anaangalia simu yake.

"Nane za akina nani?" Mama Marwa akauliza.

Nikawataja. Nilikuwa nawakumbuka kwa mpangilio walivyoinama. Nilipofika wa saba nikasimama, na yeye akawa amegeuza uso kunielekea, anasubiri.

"Na yako, mama," nikasema. "Nayo niliandika jina lake. Kwa herufi kubwa."

Mkono wake ulishika ukingo wa ile ngozi, ukaukunja, ukaukunjua. Yule mwanamke wa kando yake alisogea mbali kidogo na mimi. Mzee akanionyesha mahali pa kusimama.

Nikatema mara ya kwanza, nikasema nimelirudisha jina lako. Nikatema mara ya pili. Jua lilikuwa la utosi, na tangu asubuhi nilikuwa sijanywa kitu. Ya tatu ilitoka kidogo. Ya nne nikaitafuta kwa ulimi. Ya tano ilikuwa pumzi tu, na mzee akatikisa kichwa kwamba hiyo haihesabiki, nirudie. Nikarudia, ikatoka. Baada ya hapo mdomo ukakauka kabisa. Nilisimama pale mbele ya ukoo mzima nikimeza mate yasiyokuwepo, na hakuna mtu aliyenyanyuka. Kisha nikasikia bati likigonga jiwe. Mama Marwa alikuwa anapapasa kando yake. Alikipata kikombe chake, akakipima uzito, akakinyoosha kuelekea ilikotoka sauti yangu. Alikuwa anahesabu muda wote.

"Kunywa," alisema. "Bado tatu."